Asante, kaka wa kwenye maegesho

Kaka uliyenisaidia kwenye maegesho, jina lako sikulipata, lakini asante sana. Gari la kifahari la marehemu baba hutembea kwa nadra, na betri ilikuwa imekufa kabisa: rimoti kimya, na betri yenyewe iko ndani ya buti iliyojifunga. Ukachomoa ufunguo mdogo uliofichwa ndani ya rimoti, ukafungua mlango, kisha ukanionyesha chini ya boneti pa kuungia waya, chanya ikiwa na kifuniko chekundu. Na hukuondoka injini ilipowaka! Ulinieleza kwa upole kwamba kengele na kompyuta za gari hunyonya umeme hata likizimwa, na kwamba betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6. Chaja ndogo uliyonishauri nimeshainunua. Mungu akuzidishie, popote ulipo.