Usitume ile avansi

Bukavu, 17 Novemba 2024

Mpenzi Furaha,

Picha zako tatu za kiwanja zimefika, na salamu za baba watoto pia. Nilivyosoma kwamba mnataka kurudi nyumbani kujenga, nilimwita mama jikoni nikamsomea kwa sauti. Tangu mlipohamia Lubumbashi sina wa kuketi naye Jumapili jioni. Kwa hiyo elewa ninavyoumia kukuandikia haya: dada yangu, usitume ile avansi, malipo ya kwanza ya kiwanja, Ijumaa. Kiwanja kile si cha kujenga.

Nilikwenda mwenyewe Alhamisi asubuhi. Komisioneri, dalali wa kiwanja, alinipokea kwa maneno matamu, akanionyesha mawe ya mpaka, akasema vipimo vimekwisha kuchukuliwa na karatasi zina muhuri. Sikubishana naye juu ya muhuri. Niliangalia chini. Kwenye kona ya kiwanja, jirani alikuwa ameanza kuchimba choo akakiacha katikati, nikainama juu ya lile shimo. Juu kuna udongo mweusi, unene wa shubiri moja. Chini yake mchanga. Chini ya mchanga, sashe za plastiki zimelaliana kama kurasa za daftari lililolowa, na kandambili ya mtoto, ya mguu wa kushoto. Kisha mchanga tena, na mwisho kokoto za mviringo. Wewe unayajua mawe ya milima yetu, tumejikata nayo nyayo tukiteka maji. Yana pembe. Jiwe lisilo na pembe limeviringishwa na maji safari ndefu. Kiwanja chote hicho, Furaha, ni mzigo ambao Kawa, mto wetu, imeubeba na kuutua hapo, na haikuutua siku moja. Tena kandambili ya plastiki si habari ya enzi za mababu.

Mama mmoja anauza makala, mkaa wa kupikia, hapo jirani. Nilimuuliza tu kama mvua inamsumbua. Hakujibu, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akaweka kiganja ukutani penye mstari wa rangi ya chai. Mstari ule ulinifika kifuani. Akasema usiku maji yalipofika hapo hawakusikia mvua kubwa hapo kwao, mvua ilinyesha juu, wao walipata maji tu.

Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Unakumbuka tulivyovuka Kawa kwa kuruka mawe, sketi tumezikunja mkononi? Mvua ikinyesha Kadutu, maji yalichelewa kushuka, kwa sababu huko juu palikuwa na majani, mashamba ya migomba na miti ya kuyapunguza mbio. Sasa angalia picha yoyote ya mji: manjanja, mabati ya paa, juu ya manjanja, saruji, njia za miguu zilizokuwa ngumu kama sahani. Paa halinywi maji. Tone linaloanguka juu linafika bondeni dakika hiyohiyo na wenzake wote. Na wakati maji yameongezeka, mto umebanwa: huyu amejenga ukuta upande huu, yule upande ule, na kanivo, mifereji ya kandokando ya njia, zimezibwa na taka. Wabelgiji waliupanga mji huu, ulipoitwa Costermansville, kwa ajili ya watu wachache. Leo tumepita milioni, wengi tumefukuzwa na vita vijijini, na aliyekimbia vita hachagui kiwanja. Anajenga palipobaki, na palipobaki ni bondeni au kwenye mteremko. Simlaumu hata mmoja. Lakini wewe hukimbii kitu, una nafasi ya kuchagua.

Komisioneri aliponiona nimenyamaza akaniambia mtajenga ukuta wa mawe, mtalala salama. Nimefikiria ukuta ule wiki nzima, kwa sababu ya habari za Valencia, kule Hispania. Mwezi uliopita, tarehe 29, watu zaidi ya 200 walikufa kwa maji katika mkoa ule. Mji ule ulikwisha kuonywa zamani. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia ulipita katikati ya mji, ukaua watu wasiopungua 81. Wakaamua jambo kubwa: wakauhamisha mto. Wakachimba njia mpya pana upande wa kusini, na bonde la zamani wakaligeuza bustani na viwanja vya mpira. Na kwa kweli, mwezi uliopita katikati ya mji hapakuzama. Waliozama ni wa ng'ambo ya ile njia mpya, miji midogo kama Paiporta, iliyojaa watu pembezoni mwa korongo ambalo siku nyingi za mwaka ni kavu kabisa. Onyo la simu liliingia saa mbili usiku imepita, wengi maji yakiwa tayari nyumbani. Sasa kama mto uliohamishwa na serikali tajiri ulimwacha jirani majini, ukuta wako wa mawe utafanya nini? Utayasukuma maji kwa yule mama wa makala. Na wa ng'ambo naye akijenga wake, yatarudi kwako.

Alisema pia kwamba mwenye kiwanja amekaa hapo miaka mingi bila kuona maji. Paris walikaa miaka 252 bila kuona maji ya kiwango kile. Seine, mto wa Paris, ilipanda sana mwaka 1658, kisha vizazi na vizazi vikapita, na Januari 1910 ikafika mita 8.62 pale daraja la Austerlitz. Safari hii iliingia kwa njia za chini ya ardhi, mifereji na mahandaki ya treni za metro, hata mitaa iliyo mbali na kingo ikajaa maji. Miaka ya mtu kukaa mahali haiupimi mto. Mto una upana wake wa Julai, wakati wa kiangazi, ndio ulio kwenye picha zako, na una upana wake wa siku ya gharika. Kiwanja chako kiko ndani ya huo wa pili.

Na kwa nini niende Ulaya wakati Uvira iko hapa? Aprili 2020 Mulongwe, mto wa pale, iliyakumba maelfu ya nyumba, ikaangusha na daraja. Nyamukubi na Bushushu, vijiji vya Kalehe, tarehe 4 Mei 2023: ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, watu wametoka vijiji vya mbali na vikapu vyao. Mawe na matope yakashuka. Waliozikwa walizidi 400, na wengi hawakuonekana mpaka leo. Wewe ulinipigia simu siku ile ukilia. Kumbuka kilio kile kabla hujatia sahihi.

Usifikiri ninakusukuma mlimani badala yake. Kule mtaa wa Funu, mlimani, udongo wenyewe unatembea, nyumba zinapasuka katikati. Ninachoomba ni subira. Weka feza zako, uje Machi au Aprili, mvua ikiwa imekolea, ulale kwetu. Tutatembea viwanja vyote na mabuti, tukiangalia maji yanapita wapi, na tutawauliza wazee na wauza makala kabla ya kumuuliza komisioneri. Kaka yangu amesikia habari ya kiwanja kidogo kwenye mgongo wa kilima, ni nusu ya ukubwa wa hicho na bei imezidi. Sijakiona bado, nitakwenda Jumatano.

Mama anasema akusikie mwenyewe kwa simu, haamini barua. Nimekausha sambaza kidogo, samaki wadogo wa ziwa letu, kwa ajili ya watoto, nitampa mtu anayesafiri. Mweleze baba watoto yote haya, hata la kandambili. Kisha uniandikie kabla ya Ijumaa, hata neno moja tu, nijue hukutuma.

Wako,
Zawadi