Masikio ya maelfi: tusome maandishi kwanza

Mhariri,

Wengi wanaobishana kuhusu sura ya maelfi, viumbe wa kubuni wanaofanana na binadamu, wa mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien hutegemea filamu za The Lord of the Rings za 2001 hadi 2003, si maandishi yenyewe. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Chukua masikio. Katika kitabu cha The Lord of the Rings hakuna sentensi isemayo kwamba masikio yao yamechongoka. Ushahidi uko kwingine: katika orodha ya Tolkien ya mizizi ya maneno ya lugha za maelfi, iliyochapishwa 1987, miaka 14 baada ya kifo chake. Humo anahusisha mzizi wa "jani" na wa "sikio", na kueleza kuwa masikio ya maelfi yalichongoka na kufanana na jani kuliko ya binadamu. Kuliko tu! Hiyo ni ncha ndogo, si yale masikio marefu kama visu tunayoyaona kwenye katuni za Kijapani na michezo ya kompyuta.

Nywele za dhahabu nazo zimegawiwa ovyo. Ni alama ya Wavanyar, mojawapo ya makabila ya maelfi; Wanoldor, kabila jingine, wengi wana nywele nyeusi. Ukoo wa Finarfin, mwanamfalme wa Wanoldor, una nywele za dhahabu kwa sababu mama yake, Indis, alikuwa Mvanyar. Na Legolas, elfi wa The Lord of the Rings, je? Baba yake ndiye aliyetajwa kuwa na nywele za dhahabu. Za kwake hazikuelezwa waziwazi.

Na anayesema elfi hana ndevu amemsahau Círdan, mjenzi wa meli, mwenye ndevu ndefu.

Kwa hiyo mchoraji aanze na ukoo wa mhusika, ndipo achague rangi. Masikio ayachore mwisho, tena kwa kiasi.

Msomaji wenu,
Morogoro