Sabufa isiyo na waya: soma taa kabla ya kubonyeza kitufe

Sabufa, yaani boksi la besi, ikikaa kimya, mkono hukimbilia kitufe cha kuoanisha, kile cha kuiunganisha na spika yake. Sisi mafundi tunaomba uuzuie kidogo. Kwenye baadhi ya sabufa kitufe hicho kikishabonyezwa, kumbukumbu ya spika iliyokuwa imeoana nayo hufutika na utafutaji huanza upya, na tatizo lililokuwa moja huwa mawili. Tazama kwanza taa ndogo iliyo mbele au nyuma ya boksi. Rangi hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini tabia ya taa karibu ni ileile kote: inayowaka tuli imempata mwenzake, inayopepesa inamtafuta, nyekundu tuli kwa kawaida imelala, na iliyozimika haina umeme.

Tuanze na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo fupi. Kutokuwa na waya kunahusu njia ya sauti tu. Ndani ya boksi mna amplifaya, nayo lazima ichomekwe ukutani. Jaribu soketi hiyohiyo kwa kifaa kingine, kisha sukuma waya mahali unapoingia nyuma ya sabufa, kwani hapo ndipo hulegea boksi likisogezwa wakati wa kufagia. Kama kuna swichi nyuma, hakikisha imewashwa. Kama kuna fyuzi inayofikika kwa nje, ibadilishe kwa yenye ampea zilezile zilizoandikwa kando yake. Ikiungua tena, acha hapo hapo, maana kuna shoti kwenye bodi na fyuzi kubwa zaidi itaunguza vingi zaidi. Usifungue kifuniko mwenyewe. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani kuwa wa mkondo mmoja hufika takriban volti 325, na kapasita zinaweza kuendelea kuushika hata baada ya plagi kutoka ukutani.

Kuoanisha

Jambo linalosumbua wengi: sabufa ya saundiba (ile spika ndefu ya chini ya televisheni) kwa kawaida haitumii Bluetooth. Ukiitafuta kwenye simu hutaiona, na haina kasoro. Inazungumza na spika mama yake, yaani saundiba iliyokuja nayo, peke yake, kwa lugha ya mtengenezaji, juu ya masafa ya 2.4 GHz au ya 5 GHz. Kwa sababu hiyo sabufa ya modeli nyingine, hata ya kampuni ileile na yenye umbo lilelile, mara nyingi haitakubali. Kabla ya kununua sabufa pekee, linganisha namba za modeli kwenye lebo za nyuma za vifaa vyote viwili na orodha iliyo kwenye kitabu cha maelekezo.

Namba zikilingana, chomoa vyote viwili ukutani kwa dakika moja au mbili. Rimoti haitoshi, kwa sababu ukizima kwa rimoti kompyuta ndogo ya ndani hubaki macho na kosa lake. Weka sabufa mita moja hivi kutoka kwa spika mama. Chomeka spika mama, iwashe, ipe nusu dakika itulie, ndipo uchomeke sabufa. Subiri. Mara nyingi taa itapepesa kidogo kisha itatulia yenyewe, na kazi imekwisha bila kugusa kitufe chochote.

Isipotulia, sasa kitufe kina kazi. Huandikwa PAIRING, LINK, ID SET au CONNECT, na huenda kimezama kwenye tundu dogo linalohitaji ncha ya kalamu. Kishikilie kama sekunde 5 hadi taa ianze kupepesa haraka. Hapo umefanya nusu tu. Spika mama nayo lazima iambiwe itafute, ama kwa kushikilia kitufe fulani cha rimoti, ama kupitia menyu, ama kwa kitufe chake cha nyuma. Hapa ndipo wengi hukwama: upande mmoja unaita na mwingine hausikilizi, au unaanza kusikiliza dakika tano baadaye wakati wa kwanza umeshakata tamaa. Washa utafutaji pande zote mbili ndani ya dakika moja, kisha usiguse kitu kwa dakika 3.

Zikioana zikiwa karibu lakini zikaachana ukishairudisha sabufa mahali pake, hitilafu iko chumbani. Zikikataa hata kwa umbali wa mita moja, sasisha programu ya spika mama kwa fleshi au kwa programu ya simu, kisha rudia. Zikikataa tena, bodi ya redio ya upande mmoja ina shida, na kuendelea kubonyeza hakutaiponya.

Mwenye risiva (amplifaya yenye menyu inayoendesha spika zote za sebuleni) au amplifaya na sabufa ya kawaida ya waya ana njia nyingine: jozi ya kirushi na kipokezi. Kirushi huunganishwa kwenye tundu la SUB OUT la risiva kwa waya wa RCA, kipokezi kwenye LFE au LINE IN ya sabufa, na namba ya chaneli iwe moja pande zote mbili kama kuna swichi ya kuchagua. Kwa kazi hii jihadhari na jozi zinazotumia Bluetooth ya kawaida. Uchelewaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100, na besi itafika baada ya ngoma kuwa imeshapigwa.

Inashika, kisha inakatika

Kabla ya kulaumu mawimbi, angalia saa. Kama besi hupotea baada ya dakika 10 hadi 20 za sauti ya chini, hasa usiku, sabufa imelala yenyewe kwa kudhani hakuna kinachochezwa. Sogeza swichi ya nyuma kutoka AUTO kwenda ON. Kama haina swichi hiyo lakini unatumia risiva, pandisha kiwango cha sabufa kwenye menyu ya risiva na upunguze kitasa cha sabufa yenyewe kwa kadiri hiyohiyo: sauti itabaki ileile, ila ishara inayopita njiani itakuwa na nguvu ya kuiamsha.

Ikikatika bila mpangilio, ni mwingiliano. Masafa ya 2.4 GHz yanagombewa na Wi-Fi, Bluetooth, vidhibiti vya michezo na maikrowevu. Maikrowevu hujulikana upesi, kwa kuwa besi hukatika inapopasha na kurudi ikilia. Ruta huhitaji kazi zaidi. Isogeze angalau mita moja au mbili kutoka kwa saundiba na sabufa, kisha hamishia simu na televisheni kwenye Wi-Fi ya 5 GHz ili uwanja wa 2.4 upumue. Kwenye mipangilio ya ruta chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani, na upana wa 20 MHz badala ya 40, maana 40 humeza sehemu kubwa ya uwanja wote. Kama kitabu kinasema sabufa yako hutumia 5 GHz, fanya kinyume: vifaa vizito vya Wi-Fi virudi 2.4. Na mtuhumiwa asiyefikiriwa kabisa ni diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa kwenye televisheni juu tu ya saundiba. Waya na plagi yake humwaga kelele karibu na 2.4 GHz. Ichomoe kwa saa moja uone tofauti.

Kisha mambo ya chumba. Maji hunyonya mawimbi haya, kwa hiyo tangi la samaki kati ya vifaa viwili ni ukuta, na kochi lililojaa watu lina tabia hiyohiyo kwa kiasi fulani. Hii ndiyo sababu sabufa iliyo nyuma ya kochi huenda ikacheza vizuri mchana mkiwa wawili na kukatika jioni mkiwa wanane. Chuma, kioo cha kujitazamia na zege lenye nondo huzuia zaidi. Saundiba iliyofungiwa ndani ya kabati itolewe nje.

Antena ya sabufa kwa kawaida iko kwenye paneli ya nyuma. Ukiibandika ukutani umeiziba, basi iachie sentimita 10 au 15. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa takriban sentimita 12.5, na likigonga kuta hutengeneza madoa ya ukimya yaliyoachana kwa nusu ya hapo. Kusogeza boksi sentimita 3 tu, au kuligeuza robo duara, kunaweza kulitoa kwenye doa baya. Jaribu hilo kabla ya kununua chochote.

Taa tuli, besi hakuna

Hapa muunganisho ni mzima, na kuoanisha upya ni kujichosha. Kwanza hakikisha sauti unayoisikia inatoka kwenye saundiba kweli na si kwenye spika za televisheni. Kisha jaribu kwa muziki wenye besi au kwa mlio wa majaribio wa 40 hadi 60 Hz. Taarifa ya habari haipimi kitu, kwani msingi wa sauti ya mwanamume anayezungumza huanza karibu na 85 Hz. Zima hali ya usiku, pandisha kiwango cha sabufa kwa rimoti. Kwenye risiva, sabufa iandikwe ipo, spika zipangwe kuwa ndogo ili besi yao ipelekwe kwa sabufa, na hali ya DIRECT iondolewe, kwa sababu kwenye risiva nyingi hiyo hupita kando ya mgawanyo wote wa sauti kati ya spika na sabufa.

Mpaka wa mgawanyo (crossover), ambao sauti za chini yake huenda kwa sabufa, uanzie 80 Hz. Spika ndogo sana za mezani huhitaji 100 hadi 150, lakini jua kwamba ukishapita 100 sikio huanza kutambua besi inatoka upande gani, kwa hiyo sabufa ikae mbele, karibu na spika nyingine. Kama risiva ndiyo inayogawa, zungusha kitasa cha mpaka kilicho kwenye sabufa hadi mwisho wa juu, vichujio viwili visikatane.

Besi ipo lakini dhaifu na haina pigo? Hili ndilo tatizo tunaloona likieleweka vibaya kuliko yote, kwani halionekani kwenye taa yoyote. Redio ya sabufa huchelewesha sauti kwa milisekunde kadhaa. Mzunguko mmoja wa 80 Hz huchukua milisekunde 12.5. Sabufa ikichelewa kwa nusu ya hapo, yaani karibu milisekunde 6, itakuwa inasukuma hewa wakati spika zinaivuta, na sauti za pande zote mbili zitafifishana hapo hapo kwenye mpaka, mahali ngoma inapopiga. Mtu hupandisha sauti ya sabufa, nayo huvuma tu bila kupiga.

Tiba ya haraka ni swichi ya fezi, 0 na 180, inayogeuza kusukuma kwa sabufa kuwa kuvuta: kaa kwenye kiti chako, mwombe mwenzako aibadilishe muziki ukicheza, na mchague upande wenye besi nzito zaidi. Tiba kamili iko kwenye risiva, sehemu ya umbali wa spika. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kila milisekunde ni sentimita 34. Kirushi chenye uchelewaji wa milisekunde 20 kinaongeza mita 6.9, sabufa iliyo mita 3 kutoka kwako uiandike mita 9.9. Risiva itaamini iko mbali na itazizuia spika nyingine ziisubiri. Na kama risiva ilijipima yenyewe kwa maikrofoni ikaandika umbali mkubwa kuliko ule wa futi kamba, usiusahihishe. Imeupima uchelewaji, na namba hiyo ndiyo sahihi.

Ukituletea

Lete vyote viwili, sabufa na spika mama, pamoja na rimoti. Kila kimoja kinahifadhi utambulisho wa mwenzake, na tukiwa na kimoja tu hatuwezi kujua ni kipi kisichosikia. Tuambie taa ilikuwa ikifanya nini, kama ziliwahi kuoana kwa umbali wa mita moja, na kama boksi lilisafirishwa hivi karibuni: kwenye modeli nyingi redio ni bodi ndogo iliyochomekwa juu ya bodi kubwa, na mtikisiko wa safari huilegeza. Hiyo tunairudisha mahali pake. Bodi ndogo ikiwa imekufa tunaibadilisha kwa ya modeli hiyohiyo, kisha tunaoanisha upya hapa hapa, kwa kuwa bodi mpya haimjui mwenzake hadi itambulishwe.