Malalamiko Kuhusu Kasha Jipya Lililouzwa kwa Cheti cha Mwaka 1860

Mji wa Kale,
Mombasa.

Kwa Mkurugenzi,
Duka la Samani za Kale,
Mombasa.

Bwana Mkurugenzi,

KUH: KUREJESHEWA FEDHA ZA KASHA LA SHABA

Ninakuandikia kuhusu kasha la mbao lenye marembo ya shaba nililolinunua dukani kwako mwezi Februari mwaka huu kwa shilingi 240,000. Nilikabidhiwa pamoja na cheti chenye muhuri wa duka kinachosema kwamba lilitengenezwa Surat, India, yapata mwaka 1860, kwa mbao za msaji na kwa kazi ya mkono mtupu, kisha likaletwa Mombasa kwa jahazi miaka michache baadaye. Kasha lenyewe halikubaliani na maelezo hayo. Naomba nirejeshewe fedha zangu zote, na naomba pia uzisome sababu zangu hadi mwisho, kwa kuwa zinahusu namna duka lako linavyouza na wala si kasha hili peke yake.

Kabla ya kulipa niliomba droo tatu za chini zivutwe nje na kasha ligeuzwe nilikague mgongoni na kwenye kitako. Umri wa samani huonekana pale ambapo fundi hakutarajia mtu atazame: chini ya droo, nyuma ya kitasa, upande wa ndani wa miguu. Usoni kila kitu kinaweza kupakwa na kung'arishwa. Muuzaji wako alinijibu kwamba ufunguo wa droo umepotea, kwamba kasha ni zito mno kugeuzwa, na kwamba cheti kinatosha. Nilikiamini cheti kwa sababu kina muhuri wako, na mnunuzi anayelipa bei hiyo ana haki ya kukiamini.

Seremala mzoefu aliyekuwa akitengeneza madirisha ya nyumba yetu ndiye aliyefungua kitasa bila kukivunja. Kitako cha kila droo ni plaiwudi iliyopakwa rangi ya kahawia, na tabaka zake zinahesabika ukingoni. Kasha la wakati huo hutiwa ubao mzima, na ubao huo, kwa kuwa mbao huendelea kunywea kwa upande wa mapana, mara nyingi huwa umepasuka au umeachana na ukingo. Kingo za chini za droo, ambazo katika kasha lililovutwa na kusukumwa kwa vizazi kadhaa huwa zimelika hadi kuteleza, hapa bado zina makali. Juu yake pana alama za msumeno zilizopinda kama upinde, moja baada ya nyingine kwa nafasi zinazolingana, ambazo ni alama za msumeno wa duara unaoendeshwa na mashine. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Tulipopangusa ndani ya droo kwa kitambaa cheupe, kitambaa kilitoka na rangi.

Bawaba zote zimekazwa kwa skrubu za nyota, aina iliyoanza kuuzwa Marekani katika miaka ya 1930. Nilipopiga simu dukani, niliambiwa kwamba bawaba zilibadilishwa wakati wa ukarabati. Jibu hilo nililipima kwa haki, maana makasha mengi ya kweli yamepita mikononi mwa mafundi wengi, na skrubu moja mpya haiwezi kulihukumu kasha zima. Lakini bawaba inayobadilishwa huacha ushahidi wa ile iliyotangulia: matundu ya misumari ya kwanza, yawe wazi au yamezibwa, na kivuli cha umbo lake juu ya mbao. Tulizifungua bawaba zote mbili tukaangalia kwa tochi. Hakuna tundu jingine lolote, na hakuna kivuli. Bawaba hizo ndizo za kwanza kuwekwa hapo.

Tuliinua pia bamba moja la shaba kwenye pembe ya kifuniko. Mbao iliyofunikwa na bamba kwa zaidi ya miaka 150, bila mwanga, bila moshi na bila mafuta ya mikono ya watu, ingepaswa kuwa na rangi tofauti na mbao inayoizunguka. Hapa rangi ni ileile, kwa sababu ilipakwa kwanza, kisha bamba likapigiliwa juu yake. Ukijani uliotanda kwenye vichwa vya misumari ulitoka kwa kitambaa kilicholowa maji. Miguu ya mviringo iliyokerezwa tuliipima kwa kalipa, na kipenyo chake ni kilekile kila upande, ilhali mguu uliokerezwa zamani hupoteza uduara wake kidogo kadiri mbao inavyonywea. Na palipokwanguliwa kidogo chini ya kitako, mbao ilionekana nyeupe ya manjano yenye michirizi myeusi, haina yale mafuta ya msaji. Seremala alisema bila kusita kwamba ni mwembe.

Jambo lililoniudhi kuliko yote ni matundu ya bungua. Yapo mengi mgongoni mwa kasha, na muuzaji wako alinionyesha machache yaliyofika ubavuni kama uthibitisho wa ukongwe. Bungua akila mbao hupinda na kugeuka, akafuata mahali palipo laini, na njia zake huingiliana. Katika kasha hili sindano iliingia moja kwa moja hadi kina kilekile katika kila tundu tulilojaribu. Kukosea umri wa kasha kwa miaka thelathini au arobaini ni jambo linaloweza kumpata mfanyabiashara mwaminifu, hasa kwa kuwa makasha ya mtindo wa Surat yaliendelea kutengenezwa kwa muda mrefu, mengine hapa hapa pwani. Lakini matundu yaliyotobolewa kwa keekee hayatokani na kukosea. Mtu alikaa akayatoboa ili mnunuzi adanganyike.

Sina neno baya dhidi ya kazi mpya. Misumari ya shaba ya kasha hili imepangwa kwa mkono uliotulia, na meno yanayoumana kwenye pembe za droo yamekatwa vizuri. Fundi aliyelitengeneza anastahili kulipwa na kutajwa kwa kazi yake. Duka lako limemnyima hilo, kwa kuipa kazi yake mji ambao hakuufanyia kazi na karne ambayo hakuiishi. Niliuliza bei katika karakana mbili za hapa Mombasa, na kasha jipya la ukubwa huu, kwa mbao nzuri kuliko hizi, halifiki theluthi ya bei niliyolipa. Zaidi ya theluthi mbili za fedha zangu, kwa hiyo, zililipia umri ambao haupo.

Cheti chako kina kasoro nyingine ambayo ingefaa mwanasheria wako aisome. Kinasema kwamba kasha liliingia nchini katika miaka ya 1860, kisha katika mstari wa mwisho kinamhakikishia mnunuzi kwamba anaweza kulisafirisha nje ya Kenya bila kibali chochote. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale, na vifaa vya namna hiyo havitoki nchini bila kibali. Kama kasha ni la 1860, mnunuzi wa kigeni anayekiamini cheti chako atajikuta amevunja sheria. Kama halihitaji kibali, basi si la 1860. Maelezo haya mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, na yamepigwa muhuri mmoja.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa anayoinunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa inayouzwa. Kwa msingi huo nataka nirudishiwe shilingi 240,000 nilizolipa, pamoja na gharama ya usafiri wa kulileta kasha nyumbani, na duka lije kulichukua kwa gharama yake. Nataka pia uwaandikie wateja wengine waliopewa vyeti vya namna hii, uwaeleze kwamba makasha yao yanahitaji kukaguliwa upya, na kuanzia sasa mnunuzi aruhusiwe kuvuta droo, kugeuza samani na kuja na fundi wake kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwenye kila kasha lisilo na ushahidi wa umri wake, andika tu kwamba ni la mtindo wa kale, na utaje karakana iliyolitengeneza.

Nitasubiri jibu lako la maandishi kwa siku 14 tangu utakapopokea barua hii. Nisipolipata nitapeleka shauri hili katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo ina uwezo wa kusikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na seremala amekubali kueleza mbele ya mahakama aliyoyaona. Kasha lipo nyumbani, halijarudishiwa bawaba wala bamba lile la pembeni, na mtaalamu yeyote utakayemtuma anakaribishwa kulikagua nikiwepo.

Nimeambatisha nakala za stakabadhi na cheti, pamoja na picha za droo, skrubu, matundu na sehemu iliyokwanguliwa.

Wako mwaminifu,

Mnunuzi wa kasha