Likizo Iliyomo Daftarini Haimpumzishi Mfanyakazi

Kwa Mhariri,

Kila mwezi wa Oktoba unapofika, kampuni kadhaa hapa Nairobi huwakusanya wafanyakazi ukumbini ili wamsikilize mshauri nasaha akiwafundisha kuvuta pumzi polepole, kulala mapema na kunywa maji ya kutosha. Tarehe 10 ya mwezi huo ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, na kaulimbiu ya mwaka wa 2024 ilihusu mahali pa kazi hasa. Sina ugomvi na washauri hao. Ninachokipinga ni ile dhana inayoandamana na semina zao, kwamba mtu aliyechoka hadi akaichukia kazi aliyokuwa akiipenda ameshindwa kujitunza, ilhali mara nyingi kilichomfikisha hapo ni namna kazi yenyewe ilivyopangwa na wakubwa wake.

Shirika la Afya Duniani lilieleza jambo hili mnamo Mei 2019, lilipoupa uchovu wa kazi nafasi katika toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambalo lilianza kutumika Januari 2022. Halikuuita ugonjwa. Liliutaja kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa ipasavyo, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kushuka kwa ufanisi. Katika maelezo hayo hamna neno lolote kuhusu uvivu wala udhaifu wa mtu.

Mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha Eneo la Viwanda, na daftari la likizo huwekwa katika ofisi yangu. Humo kuna watu ambao siku zao za likizo zimerundikana tangu mwaka juzi. Mmoja wao alikuwa msimamizi wa stoo, mtu makini aliyeweza kukuambia bila kufungua kitabu ni katoni ngapi zimebaki kwenye kila rafu. Dalili ya kwanza ilikuwa ndogo mno: alianza kukosea nambari za malori kwenye stakabadhi za mizigo. Baadaye akawa mkali kwa wapakiaji, kisha akanyamaza kabisa, akawa anakaa kantini na sahani ya githeri mbele yake hadi kengele ilie, asiiguse. Wakubwa walimwandikia barua ya onyo. Alipopewa siku chache za kupumzika, simu yake haikunyamaza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua mzigo upi uko wapi, na alirudi akiwa amechoka kuliko alivyoondoka.

Kilichomsaidia hatimaye hakikuwa semina. Alimwona daktari, na hili nalisisitiza, kwa sababu uchovu usiokwisha waweza pia kuwa upungufu wa damu, kisukari, hitilafu ya tezi ya shingo au sonona, na hakuna awezaye kuyatenganisha haya kwa kukisia. Alipumzishwa majuma mawili mfululizo, simu ya stoo akakabidhiwa kijana aliyekuwa akimsaidia. Majuma ya kwanza baada ya kurudi alifanya nusu ya kazi aliyokuwa akiifanya, na ile hesabu ya usiku ya mwisho wa mwezi ikaondolewa mikononi mwake moja kwa moja. Hata hivyo ilichukua miezi kadhaa kabla hatujamsikia tena akitaniana na madereva. Mtu akipumzishwa kisha akarudishwa kwenye mzigo uleule, likizo imemwahirishia tu siku ya kuanguka.

Jambo la kuudhi ni kwamba sheria ya kuzuia hali hii tunayo. Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 28, inampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa malipo kamili baada ya kila miezi 12, na hata pale mwajiri na mfanyakazi wanapokubaliana kuigawa, sehemu moja inapaswa iwe ya angalau majuma mawili ya kazi yasiyokatizwa, isipokuwa makubaliano yao yaseme vingine. Kifungu kilichotangulia kinadai siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo naye ana haki ya likizo ya ugonjwa, siku saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Waliotunga sheria hii walielewa kwamba Ijumaa moja hapa na Jumatatu moja pale haziwezi kumrudishia mtu nguvu.

Kuhusu saa za kazi, kanuni zetu za jumla za mishahara zinaruhusu saa 52 kwa wiki, na zaidi ya hapo ni ovataimu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo mwaka wa 2016. Kati ya 52 na 55 kuna ovataimu ya Jumamosi moja tu. Na hapo sijahesabu saa za barabarani za mtu anayepanda matatu Githurai saa kumi na moja alfajiri, wala jumbe za WhatsApp za meneja zinazoingia saa nne usiku na kutarajiwa kujibiwa. Ufaransa iliwapa wafanyakazi haki ya kutojibu simu za kazi baada ya saa za kazi kuanzia Januari 2017, na mswada wa kurekebisha Sheria ya Ajira uliofikishwa katika Seneti yetu mwaka wa 2022 ulikuwa na lengo hilohilo. Lakini meneja hahitaji Bunge limruhusu kusubiri hadi asubuhi.

Nakiri kwamba si waajiri peke yao. Desemba huja mezani pangu wenzangu wengi wakiomba walipwe fedha badala ya likizo, kwa sababu karo ya Januari haisubiri, na wengine wakitoka kwetu jioni huenda kulinda majengo usiku. Siwezi kumlaumu mzazi kwa hilo. Ila kampuni inayokubali biashara hiyo mwaka baada ya mwaka inajua inachokinunua. Ama ile kauli tuliyoizoea, kwamba aliyechoka aondoke kwa kuwa wengine wako nje ya lango, ni ya mtu asiyewahi kukaa na hesabu za mizigo iliyopelekwa Nakuru badala ya Nyeri.

Wapo pia vibarua, ambao hawamo kabisa katika daftari langu. Kifungu cha 37 cha sheria hiyohiyo kinambadilisha kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima awe mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, lakini wengi huachishwa siku chache kabla ya kutimiza mwezi na kuitwa tena wiki inayofuata. Hao hata semina ya Oktoba hawaalikwi.

Ombi langu ni kwa Wizara ya Leba. Maafisa wake wanapozuru viwanda huuliza mishahara na makato, na tunawaonyesha. Sheria inamtaka mwajiri aweke pia kumbukumbu za likizo, siku zilizochukuliwa na zilizosalia. Waiulize nayo, na waangalie si idadi ya siku tu bali kama kuna majuma mawili yaliyofuatana. Daftari hilo liko katika kabati moja na lile la mishahara.

Karani wa mishahara (jina limehifadhiwa),
Eneo la Viwanda, Nairobi