Nimefika mikeka imeshakunjwa

Shikamoo Shangazi. Sijalala. Adhana ya alfajiri imenikuta barazani na simu ya mjomba mkononi, naandika, nafuta.

Bibi aliyenilea kafariki Jumanne, kazikwa Mbweni, hapa Unguja, Jumatano, mimi nimeambiwa Alhamisi. Niko chuo cha umisheni, bara, huu ni mwezi wangu wa nane. Simu zetu walizikusanya siku ya kwanza, kwa hiyo mjomba alipiga ofisini. Walijua tangu Jumanne! Nilipoomba ruhusa, mkufunzi akanifungulia Luka 9, wafu wawazike wafu wao, akanirudisha jikoni kwenye masufuria.

Usinione mlegevu. Kufunga siku tatu nilifunga. Kuamshwa saa nane usiku kusali, niliamka. Nguo za wakufunzi nilifua, tuliambiwa ndiko kuifia nafsi. Anayesinzia kwenye sala hupigishwa magoti juu ya kokoto mbele ya wenzake. Nimepigishwa mara mbili na sikusema kitu. Lakini bibi, Shangazi. Wangeniambia Jumanne ningewahi boti.

Ijumaa nilitoroka. Nimefika mikeka imeshakunjwa. Jeneza walilibeba majirani, Waislamu karibu wote. Mzee wa nyumba ya pili kaniuliza tu, "Mwanangu, ulikuwa wapi?" Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa najifunza kuwaleteeni upendo wa Yesu?

Bibi ni kizazi cha wale watumwa waliokombolewa wakawekwa Mbweni na wamisionari. Nikiwa mdogo alinipeleka kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale watu walipouzwa mpaka 1873, akanionyesha lile duara la marumaru sakafuni kwenye altare, ulipokuwa mti wa kuchapia. Akaniambia hapo usikanyage. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Chuo kimetuma ujumbe: Jumatatu niwe nimerudi na barua ya kukiri uasi, la sivyo nimefukuzwa. Mjomba anasema niandike tu, wito ni wa Mungu si wa mkufunzi. Na wito ninao, naapa. Ila kule sirudi. Lakini ada yangu wamechanga kanisani, hata akina mama wauza vitumbua, nitawatazamaje? Nikiandika kwamba nilikosea kuja kwa bibi, si nimemkana tena? Au ni barua tu?

Mwenzangu mmoja alifiwa na baba yake mwezi uliopita, hakuomba hata ruhusa. Mkufunzi alimsimamisha akamsifu mbele yetu. Mimi nilipiga makofi.

Boti ya asubuhi ni saa moja. Nijibu kabla ya Jumatatu.