Kwako binamu: mtihani wenyewe sio ugomvi

Mpendwa binamu,

Umeuliza ni chama kipi huko Marekani kinachopinga mitihani sanifu, yaani ile ile kwa wanafunzi wote, katika shule za umma. Hakuna. Wanachogombania wanasiasa ni matokeo yatumike kumbana nani: mwanafunzi, mwalimu au shule.

Anzia kwenye sheria ya No Child Left Behind. Rais George W. Bush, Mrepublikani, aliitia saini Januari 2002, lakini seneta Ted Kennedy, Mdemokrati, alikuwa mmoja wa walioisuka, na Seneti iliipitisha kwa kura 87 dhidi ya 10. Iliagiza kusoma na hisabati vipimwe kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha mara moja sekondari, na ifikapo 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango. Kila mtoto! Kundi moja tu, tuseme wanafunzi wanaojifunza Kiingereza, likikosa lengo, shule nzima ilihesabiwa kuwa imeshindwa. Na kwa kuwa kila jimbo lilijipangia lenyewe alama ya kufaulu, kulikuwa na kishawishi cha kuishusha ili kukwepa rungu la adhabu.

Obama naye akaja na Race to the Top, dola bilioni 4.35 za kushindaniwa na majimbo, zikiyasukuma kupima walimu kwa maendeleo ya wanafunzi wao. Vyama vya walimu, ambavyo ni ngome ya Wademokrati, vikachachamaa. Upande wa pili, Warepublikani wengi wakaiona Common Core, viwango vya pamoja vya kusoma na hisabati vilivyokubaliwa na majimbo mengi, kuwa mkono wa Washington darasani. Sababu mbalimbali, hasira moja. Ndipo mwaka 2015 ikapitishwa sheria mpya, Every Student Succeeds Act, mahali pa No Child Left Behind: ratiba ya mitihani ikabaki, hatua za kuzichukulia shule zikaachiwa zaidi majimbo.

Tangu hapo nembo ya chama haikusaidii sana. Massachusetts, Novemba 2024, wapiga kura waliondoa sharti la kufaulu mtihani wa MCAS ili kuhitimu sekondari. Chama cha walimu ndicho kilichosukuma hoja hiyo, na gavana Maura Healey, Mdemokrati, aliipinga. Mashirika mengi ya haki za kiraia nayo hutaka mtihani ubaki, maana bila takwimu za kila kundi pengo hufichika ndani ya wastani. Kwa Warepublikani, Texas iliamua 2025 kuachana na STAAR, mtihani wa jimbo hilo, na kuweka mitihani mitatu mifupi kwa mwaka. Imeukatakata mtihani, haijaufuta.

Ukimsikia mgombea akihimiza wazazi wasuse mtihani, piga hesabu kwanza. Sheria hiyo ya 2015 inataka 95% ya wanafunzi wafanye. Shule ina wanafunzi 100, wamefanya 80, wamefaulu 60. Utadhani ni 75%. La, kigawanyo hakishuki chini ya 95, kwa hiyo ni 60 kwa 95, yaani kama 63%. Watoto 15 ambao hawakugusa karatasi wamehesabiwa kama waliofeli, na shule inaweza kuingia kwenye orodha ya zinazohitaji kuokolewa.

Kwa hiyo muulize mgombea wako mambo matatu: mtoto akifeli, atahitimu? Alama zinaingia kwenye tathmini ya mwalimu? Shule iliyo mkiani inaongezewa fedha au inafungwa? Akijibu tu kwamba "mitihani imezidi", bado hajakujibu.

Wako,
Binamu yako